Kwa Nini Kriketi Haikushuka Rumonge

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutunzwa. Kila mwaka twaifundisha methali hii, na kila mwaka twaieleza kwa mfano wa ngoma: mchezaji akiwa nyumbani, ndugu na majirani humtuza. Wako, hata hivyo, wapenzi wa mchezo mmoja ambao methali hii huwafaa kwa maana iliyo karibu zaidi na ardhi. Hao ni wapenzi wa kriketi. Kabla ya mpira wa kwanza kurushwa, watazamaji wa kriketi huwa wamekwisha kubishana juu ya udongo. Je, ardhi ni kavu au ina unyevu? Majani yamenyolewa au yameachwa? Nyufa zitatokea siku ya tatu au ya nne? Mabishano hayo ni nusu ya utamu wa mchezo wenyewe.

Mabishano ya namna hiyo hayasikiki Rumonge. Hapa kwetu, kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, yapata kilomita 75 kusini mwa Bujumbura, mpira ni ule wa miguu. Lakini Kiswahili twakisema tangu enzi za misafara, na ng'ambo kadhaa za jirani zinazosema lugha hii zimepata kuujua mchezo wa kriketi kwa kiasi fulani. Basi imekuwaje lugha ishuke Rumonge na mchezo usishuke? Hilo ndilo tunalotaka kulichunguza katika makala haya.

Swali la mwanafunzi

Mwezi wa Juni mwaka 2024 timu ya Uganda ilicheza kwa mara ya kwanza katika Kombe la Dunia la kriketi fupi, lile la ova ishirini kila upande. Tulipozisoma habari hizo darasani, mwanafunzi mmoja, mtoto wa mvuvi, alisimama akauliza: "Mwalimu, wanasema uwanja ulimsaidia mrushaji. Uwanja humsaidiaje mtu, na wote wawili wanacheza hapo hapo?"

Twakiri kwamba siku hiyo hatukuwa na jibu la kuridhisha. Tulikuwa na maneno, lakini hatukuwa na mchezo. Tuliweza kusema kuwa "mrushaji" ni mtu arushaye mpira na "mpigaji" ni mtu aupigaye, na mwanafunzi aliyajua hayo kabla hatujayasema, kwa kuwa sarufi ya Kiswahili humfundisha mtu kujua hivyo. Alichokuwa akikitaka ni kile kilichomo ndani ya maneno.

Udongo na mpira

Tuanze na mchezo wenyewe, kwa ufupi. Katikati ya kiwanja kikubwa cha majani kuna kipande chembamba cha ardhi iliyoshindiliwa, urefu wake mita 20 na ushei kutoka wiketi hadi wiketi. Wiketi ni vijiti vitatu vilivyosimikwa wima, juu yake vikalazwa vijiti vidogo viwili. Mrushaji hutoka mbio upande mmoja akaurusha mpira bila kukunjua kiwiko, akikusudia kuiangusha wiketi iliyo upande wa pili. Mpigaji huilinda wiketi hiyo kwa gongo lake bapa, na akiupiga mpira mbali hukimbia ili ajipatie mbio, ambazo ndizo hesabu ya ushindi. Mipira sita ya mrushaji mmoja huitwa ova.

Mpira huo ni wa ngozi ngumu, wenye mshono uliotuna katikati, na uzito wake hauzidi sana gramu 160. Kabla ya kumfikia mpigaji, kwa kawaida hudunda chini mara moja. Mdundo huo mmoja ndio asili ya mabishano yote. Ardhi ikiwa na unyevu asubuhi, mshono ukiuma chini, mpira hugeuka ghafla kushoto au kulia, na mrushaji wa kasi hufurahi. Jua likiikausha, mpira hudunda kwa usawa, na mpigaji huona mchana wa neema. Siku zikipita, ardhi hupasuka, viatu vya warushaji huichimbua, na hapo hufika zamu ya mrushaji wa polepole, yule auzungushaye mpira kwa vidole au kwa kifundo cha mkono. Mpira wake ukitua penye ufa au penye vumbi, hakuna ajuaye utakakoelekea.

Mambo haya huonekana wazi zaidi katika mechi ndefu iitwayo Testi, ambayo siku hizi huchezwa kwa siku tano, kila upande ukipata zamu mbili za kupiga. Testi ya kwanza ilianza Melbourne, Australia, tarehe 15 Machi 1877, kati ya Australia na Uingereza. Katika mechi ya aina hiyo mtazamaji hupewa muda wa kutosha kuuona udongo ukizeeka. Siku ya kwanza atasema nahodha amekosea kuanza kupiga; siku ya nne atamsifu kwa busara ile ile aliyoilaani. Mpira nao huzeeka. Wachezaji huusugua upande mmoja kwenye nguo ili ung'ae, wakauacha upande wa pili ukwaruzike, na tofauti ya pande hizo huufanya upinde angani. Watazamaji hutazama mawingu, hutazama upepo, kisha hutoa hukumu.

Kwa hiyo mtu asikiaye watazamaji wa kriketi wakizungumza angeweza kudhani amekaa na wakulima wanaongojea mvua.

Mkeka wa Afrika Mashariki

Hakuna mechi rasmi ya Testi iliyopata kuchezwa Nairobi, Kampala wala Dar es Salaam. Hata hivyo, kriketi ilichezwa katika miji hiyo tangu enzi za ukoloni, ikichukuliwa na maofisa wa Kiingereza na kukuzwa hasa na jamaa wenye asili ya Bara Hindi, waliounda klabu zao na kuzitunza kizazi baada ya kizazi. Uganda ilikuwa na njia moja zaidi, nayo ni shule. Vijana wa Kiafrika waliosoma katika shule za bweni kama King's College Budo na Busoga College Mwiri waliukuta mchezo huu ukiwa sehemu ya masomo yao.

Udongo wa Afrika Mashariki ulikuwa na jambo lake la pekee. Kukuza majani mafupi juu ya udongo wa mfinyanzi, kuyanywesha na kuyashindilia kwa gogo zito, ni kazi ya gharama. Kwa miaka mingi, basi, viwanja vingi vilitandikwa mkeka: zulia nene la nyuzi, la jute au la usumba wa minazi, lililotandazwa juu ya changarawe iliyoshindiliwa na kukazwa kwa misumari pembeni. Hivyo mabishano ya watazamaji wetu hayakuwa juu ya nyufa. Yalikuwa juu ya mkeka. Umekazwa sawasawa? Mkeka uliokazwa huurudisha mpira kwa kasi na kwa kimo. Mkeka uliolegea huushika mpira, na mrushaji wa kuzungusha hupata faida. Mwenyeji aliujua mkeka wake kama mtu aujuavyo mkeka wa kulalia. Mgeni ilimpasa ajifunze.

Wageni walikuja. Klabu ya MCC ya London ilituma timu Afrika Mashariki mwishoni mwa mwaka 1957, na tena mwaka 1963. Na hatimaye wenyeji nao walisafiri. Mwaka 1975, katika Kombe la Dunia la kwanza lililofanyika Uingereza, nchi za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia ziliunganisha wachezaji wao katika timu moja iliyoitwa Afrika Mashariki, chini ya nahodha Harilal Shah. Miongoni mwao walikuwamo Waganda wawili, Sam Walusimbi na John Nagenda, huyu wa pili akiwa mrushaji ambaye baadaye alifahamika pia kwa uandishi wake.

Timu hiyo ilishindwa mechi zote tatu. New Zealand iliifunga mbio 309, na Glenn Turner peke yake akapata 171 bila kutolewa. Katika mechi na India, mrushaji wa kuzungusha Bishan Bedi alirusha ova 12 akatoa mbio 6 tu. Uingereza nayo iliwatoa wachezaji wetu wote kwa mbio 94. Wako waliocheka. Lakini tuseme kweli: watu waliolelewa juu ya mkeka walikuwa wamepelekwa kucheza juu ya majani mabichi ya mwezi wa Juni, chini ya anga la mawingu, mbele ya warushaji waliozaliwa katika hali hiyo au walioizoea kwa kazi yao ya kila siku. Uzoefu wao wote wa ardhi uliachwa nyumbani.

Mizani iligeuka baadaye. Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune nchini India, Kenya ilipata mbio 166 tu, kisha ikawatoa West Indies, mabingwa wa dunia wa mwaka 1975 na 1979, kwa mbio 93. Maurice Odumbe na Rajab Ali walitoa wapigaji watatu kila mmoja. Miaka saba baadaye, tarehe 24 Februari 2003, Kenya ilikuwa nyumbani. Katika uwanja wa Nairobi Gymkhana, wenyeji walipata mbio 210, na Sri Lanka, waliokuwa mabingwa wa mwaka 1996, wakatolewa kwa 157. Kijana Collins Obuya, mrushaji wa kuzungusha kwa kifundo cha mkono, alitoa wapigaji watano kwa mbio 24. Mwaka huo Kenya ilifika nusu fainali. Mcheza kwao alitunzwa.

Sasa turudi kwenye habari iliyomfanya mwanafunzi wetu asimame. Tarehe 5 Juni 2024, katika uwanja wa Providence nchini Guyana, ambao siku hiyo ulikuwa mzito na mpira ukidunda kwa uvivu, Uganda iliwatoa Papua New Guinea kwa mbio 77, ikashinda. Frank Nsubuga, mtu wa miaka 43, mrushaji wa polepole, alirusha ova nne akatoa mbio 4 na kuwatoa wapigaji wawili. Siku tatu baadaye, katika uwanja huo huo, West Indies iliitoa Uganda kwa mbio 39, na Akeal Hosein, naye mrushaji wa kuzungusha, akatoa wapigaji watano kwa mbio 11. Uwanja uliompa Mganda heshima siku ya Jumatano ulimnyang'anya siku ya Jumamosi, maana safari hii mwenye kuujua zaidi alikuwa mwenyeji.

Ziwa lilipogawanywa

Ama kuhusu Rumonge, historia yake na ya Ujiji zilikuwa moja kwa muda mrefu. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu waliokuwa na makao Ujiji walikwenda na kurudi kwa mitumbwi na majahazi kando ya ufuko huu, na kutokana nao, pamoja na watu wa Manyema na wenyeji waliosilimu, vikazaliwa vijiji vya Waswahili. Wajerumani walipotawala, waliimeza pande zote mbili katika koloni moja. Neno letu la "shule" ni shahidi wa enzi hiyo: ni neno la Kijerumani, na hadi leo hutamkwa sawasawa Rumonge na Kigoma.

Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yalishuka, yakaichukua Usumbura, kisha Kigoma, kisha Tabora. Kwa miaka kadhaa Kigoma na Rumonge zilikuwa chini ya bendera moja ya Ubelgiji. Mwaka 1921 Kigoma ilikabidhiwa kwa Waingereza, na Urundi ikabaki kwa Wabelgiji mpaka uhuru wa tarehe 1 Julai 1962. Hapo ndipo njia zilipoachana. Kusini ya mpaka, serikali na shule kubwa zilisema Kiingereza, kaskazini, Kifaransa. Mbelgiji hakuwa mtu wa kriketi. Mchezo wake ulikuwa kandanda, nao ulienea upesi kwa sababu haukudai mkeka wala udongo wa mfinyanzi. Ulitaka mpira na mahali patupu.

Wako watakaosema kwamba hilo latosha kuwa jibu: Mbelgiji hakuleta, basi haukuja. Sisi twaona jibu hilo ni pungufu. Rwanda ilitawaliwa na Wabelgiji hao hao, chini ya utawala mmoja na Burundi, na leo Rwanda inacheza kriketi. Nchi hiyo iliingia katika baraza la kriketi la dunia mwaka 2003, na mwezi wa Oktoba mwaka 2017 ikafungua uwanja mzuri huko Gahanga, nje kidogo ya Kigali. Nani aliupeleka mchezo huko? Ni wakimbizi waliorudi. Wanyarwanda waliokimbia tangu mwaka 1959 walilea watoto wao Uganda, Kenya na Tanzania. Baadhi ya vijana hao walikutana na kriketi shuleni na mitaani, na waliporudi baada ya mwaka 1994 walirudi nayo.

Rumonge nayo ina wakimbizi waliorudi, na hapa hatuna budi kusema kwa utulivu. Tarehe 29 Aprili 1972 machafuko yalianza katika ufuko huu wa kusini, watu wakauawa, na kilichofuata ni mauaji makubwa ya Wahutu nchini kote. Maelfu kwa maelfu walivuka kwenda Tanzania. Huko walipewa misitu waifyeke: Ulyankulu, Katumba, na baadaye Mishamo. Walilima, wakajenga shule, na watoto wao wakasoma kwa Kiswahili cha Tanzania. Mashamba waliyoyaacha Rumonge, yenye michikichi na mihogo, yalishikwa na wengine. Kuanzia mwaka 2008 wengi walirudi, huku wapatao 162,000 wakikubaliwa na Tanzania kuwa raia wake. Waliorudi walikuta ardhi ina mwenyewe mpya, na kesi za mashamba zikawa ndefu.

Watu hawa walirudi na nini? Walirudi na Kiswahili chenye mpangilio wa vitabu, pamoja na "golikipa", "refa" na "kocha", maneno ya kandanda yaliyotokana na Kiingereza. Kriketi hawakurudi nayo, kwa sababu huko Katumba na Mishamo hapakuwa na klabu wala shule ya bweni yenye mkeka. Makazi ya mkimbizi mkulima yalikuwa msituni; ya mkimbizi mwanafunzi yalikuwa mjini. Tofauti ya makazi hayo mawili ndiyo, kwa maoni yetu, iliyoamua nani arudi na gongo na nani arudi na jembe. Mchezo husafiri katika mizigo ya watu, na kila mtu hubeba kile alichopata nafasi ya kukijua.

Fundisho kwetu walimu

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, na Kiswahili kinafundishwa shuleni pamoja na Kirundi, Kifaransa na Kiingereza. Katika darasa moja la Rumonge twaweza kuwa na mtoto wa ukoo wa Waswahili wa zamani wa ufukweni, mtoto aliyezaliwa Mishamo, na mtoto wa mlimani ambaye Kiswahili amekianza juzi. Kila mmoja ana maneno asiyo nayo mwenziwe. Mara nyingi tumekuwa wepesi wa kuyaita makosa. Lau tungekumbuka njia ambazo wazazi wao walipitia, tungeyaona kuwa ni historia, na tungeanza kwa kuuliza neno limetoka wapi kabla ya kulipiga mstari mwekundu.

Vilevile tumejifunza kwamba orodha ya istilahi haimfundishi mtu mchezo. Hatimaye tulimjibu mwanafunzi wetu kwa kumrudishia mambo yake mwenyewe. Tulimwuliza: usiku wa mbalamwezi baba yako huenda ziwani? Akasema la, kwa kuwa taa za mtumbwi huzidiwa na mwezi na ndagala hawakusanyiki. Na usiku wa giza? Huenda, ila hutazama kwanza upepo wa kusini. Na mvuvi mgeni aliyetoka mbali, je, atapata sawa na baba yako? Akacheka, akasema mgeni atapata pia, lakini kidogo, maana hajui mahali maji yanapogeuka.

Tukamwambia: ziwa ni moja, na wote wawili wamo humo humo.

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali jingine, ambalo nalo twaliacha kwa wenzetu wa chama. Kati ya mwaka 2020 na 2024 maji ya ziwa yalipanda yakameza nyumba na mashamba ya ufukweni. Mvuvi aliyeyajua maji ya zamani, akauliza, anapaswa kujifunza upya kama mgeni? Twaona ni swali linalostahili kipindi kizima. Twawaomba walimu wa Nyanza-Lac, Rumonge na Bujumbura walipeleke darasani, wawaache wanafunzi wabishane kwa Kiswahili kama wabishanavyo watazamaji wa kriketi juu ya udongo, kisha watuandikie walichokisikia.